Sura ya Nne: Kidole cha Karani

"Kesi imekwisha, Afande," meneja wa nidhamu alisema kabla mgeni wake hajakaa vizuri. "Umekuja kutia sahihi tu."

Mpelelezi alikuwa ameacha upolisi zamani, lakini kuna watu hawawezi kumwona mwanamke aliyenyoosha mgongo bila kumwita Afande. Alivuta kiti, akaweka mkoba sakafuni. Alikuwa na tabia moja iliyowaudhi mameneja wote aliowahi kuwafanyia kazi. Akiambiwa kesi imekwisha, ndipo anapofungua kalamu.

Kiwanda kilikuwa cha udobi, kikubwa, kinachofua mashuka ya hospitali na ya mahoteli. Wiki iliyopita mlango wa mashine kubwa ulifunguliwa wakati maji ya moto yangali ndani, yakammwagikia dobi mmoja wa siku nyingi, mama wa makamo ambaye kiwanda kizima kilimwita Shangazi. Sasa alikuwa wodini, ameungua kuanzia kiunoni hadi magotini. Aliyefungua mlango alikuwa karani wa mashuka, jina lake la utani Bwana Shuka. Alasiri hiyo angesimama mbele ya kikao cha nidhamu, afukuzwe kazi, kisha faili lake liende polisi.

"Na haya si maneno ya mtu," meneja aliendelea, akigeuza skrini. "Ni ya Mama Mkwe."

"Mama Mkwe ndiye nani?"

Meneja alicheka kwa haya. "Wafanyakazi ndio waliompa jina hilo. Ni akili mnemba yetu. Anasoma kamera, milango, mashine, hata ujumbe wa kundi la kazini, halafu anaandika ripoti ya uchunguzi. Wanasema anaona kila kitu na hacheki."

Ripoti ilikuwa fupi na safi kama shuka lililopigwa pasi. Mlango ulifunguliwa kwa kidole cha karani. Karani hakutazama kioo cha mashine kuona kama maji yameisha, ingawa utaratibu unasema anayeweka kidole kwenye kisomaji cha alama za vidole ndiye anayetazama kioo. Tena karani aliwahi kumtumia majeruhi ujumbe wa vitisho.

"Kisomaji hakijui kama kuna maji ndani?" mpelelezi aliuliza.

"Hakijui. Mashine ni za zamani, visomaji tulivifunga juzijuzi. Kidole kikikubaliwa, mlango unafunguka, maji yawepo yasiwepo. Ndiyo maana ya kutazama."

Akamwonyesha video. Bwana Shuka alitokea mbiombio, kalamu imechomekwa sikioni, akabonyeza kisomaji bila hata kugeuza shingo. Shangazi akavuta mlango. Mvuke mweupe ukafunika kila kitu. Hapo meneja alitazama pembeni, na mpelelezi alimpenda kidogo kwa ajili hiyo.

"Nionyeshe hivyo vitisho."

Ujumbe ulikuwa huu: *Shangazi, ukiniita tena nikiwa katikati ya kuhesabu, nakuchemsha pamoja na mashuka yako.*

"Siku chache baadaye akamchemsha kweli," alisema meneja.

"Shangazi alijibu nini?"

Meneja alishuka chini kidogo kwenye skrini, shingo upande. *Nichemshe, mwanangu, ila usibanie sabuni. Uchafu wangu ni wa tangu ujana.*

"Hawa ni watani," mpelelezi alisema.

"Mama Mkwe hajui utani."

"Na wewe?"

Mpelelezi aliyarudia maneno mawili ya ule ujumbe kimoyomoyo. *Ukiniita tena.* Karani wa mashuka anakaa upande mkavu wa kiwanda, anahesabu mashuka yaliyokwisha kufuliwa. Dobi anakaa upande wa maji. Hakuna kazi inayomfanya dobi amwite karani mara kwa mara hadi karani achoke.

*

Walimleta Bwana Shuka kwenye chumba kidogo cha kuhifadhia pasi. Alikuwa mwembamba, shati lake limenyooka mistari, na mikono ameipakata mapajani kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Mlango ulifungua wewe?"

"Nilifungua mimi."

"Ulitazama kioo?"

"Sikutazama."

"Kwa nini?"

"Uzembe, mama."

Mpelelezi aliweka kalamu chini. Katika miaka yake yote, hakuwahi kumsikia mtu akijiita mzembe kwa swali la kwanza. Mwizi hukana. Mzembe hueleza: simu iliita, tumbo lilimsokota, mke alikuwa amenuna tangu asubuhi. Huyu hakukana wala hakueleza. Alikuwa akijitafutia kitanzi cha shingo yake.

"Una watoto?"

"Ninao."

"Polisi wakikuchukua, watakula nini?"

"Mungu hamtupi mja wake."

"Kweli hamtupi, lakini wewe mbona unajitupa? Shangazi alikuwa akikuitia nini?"

Kwa mara ya kwanza aliinua macho. "Kunisumbua tu. Si unawajua kina shangazi."

"Wewe mashine yako ni ipi?"

"Mimi sina mashine. Nina meza."

"Basi mlango wa mashine ulikuhusu nini?"

Nje ya ukuta mashine zilikuwa zikinguruma. Bwana Shuka alijipangusa uso kwa kiganja.

"Nipe hiyo karatasi nitie sahihi, mama," alisema. "Tafadhali. Tusirefushe mambo."

Mpelelezi hakumpa karatasi. Mtu anayekimbilia adhabu huwa ameacha kitu nyuma yake ambacho hataki kionekane, na alimhurumia huyu kabla hajajua ni kitu gani.

*

Upande wa maji joto lilimpokea kama mlango wa tanuri. Sakafu ilikuwa imelowa, hewa inanuka magadi na dawa ya madoa, inayochoma puani. Madobi walikuwa wanawake peke yao, na mwenyeji wao alikuwa mmoja mfupi, mnene kiasi, waliyemwita Mama Chekacheka.

"Karibu, mama! Usituogope, hatung'ati. Sisi tunachemsha tu." Kisha akakumbuka yaliyotokea, akajifunika mdomo. "Uwii, ulimi wangu huu. Nisamehe."

"Bwana Shuka na Shangazi walikuwa na ugomvi?"

"Ugomvi? Wale? Siku isipopita na utani wao, Shangazi analala na kichwa kinamuuma. Juzi karani kalia hapa mpaka tukamfunga kitambaa kichwani."

"Alikuwa akiitwa huku kufanya nini?"

Kicheko kilizimika. Mama Chekacheka aliwatupia wenzake jicho, na wenzake wote wakapata mashuka ya kukunja kwa ghafla.

"Kazi ni nyingi, mama. Kamuulize Mama Mkwe, si ndiye anayejua kila kitu?"

Penye wengi wanaonyamaza pamoja, wamekubaliana. Mpelelezi hakuwasukuma. Alinyoosha mkono kuaga, Mama Chekacheka akafuta wake kwenye aproni, wakashikana. Hapo mpelelezi hakuuachia. Aliugeuza mkono wa yule mama kiganja juu, akautazama kwenye mwanga.

Ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa, kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Hakukuwa na mstari hata mmoja.

Enzi zake za polisi aliwahi kuchukua alama za vidole za watu wengi, kwa wino na karatasi. Alikumbuka waashi na wafua nguo ambao kidole chao kiliacha doa jeusi tu, na jinsi mkubwa wake alivyomfokea kwamba hajui kazi. Akatazama kisomaji kilichofungwa kando ya mashine kubwa. Kisha akamtazama Mama Chekacheka, ambaye sasa macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Usiseme kitu," mpelelezi alimwambia polepole. "Sijakuuliza."

*

Meneja alikuwa ametoka kunywa chai. Mpelelezi alikaa kwenye kiti chake, akamwandikia Mama Mkwe.

*Nionyeshe vidole vilivyokataliwa siku ya ajali.*

Jibu lilikuja papo hapo. *Majaribio yaliyokataliwa hayamo katika ripoti. Mfumo ulipowekwa niliagizwa kuyatenga kama kelele zisizo na maana. Niyarudishe?*

*Yarudishe.*

Skrini ilijaa wekundu. Kabla ya kila alama ya kijani ya kidole cha karani kulikuwa na msururu wa alama nyekundu, kwenye kila mashine. Alirudi wiki moja nyuma, akarudi mwezi mmoja nyuma. Hali ilikuwa ile ile. Kiwanda kizima kilikuwa kikigonga mlango, kinakataliwa, halafu kinamwita mtu mmoja mwenye mikono mikavu aje kukifungulia.

*Video ya ajali inaanzia pale karani anapofika. Kwa nini?*

*Nilikata kipande kilicho karibu na kidole kilichokubaliwa. Video nzima ipo.*

*Rudisha nyuma.*

Shangazi alikuwa peke yake mbele ya mashine. Aliinama, akafuta mvuke kwenye kioo kwa kiwiko, akatazama ndani. Akasogea akatazama kwa upande wa pili. Pipa la mashine lilikuwa tupu, bila maji kabisa, mashuka yamelala chini. Akabonyeza kisomaji. Nyekundu. Akafuta kidole kwenye aproni, akakipuliza, akabonyeza. Nyekundu. Akageuka, akaweka mikono mdomoni, akaita. Akasubiri, uso ameuelekeza kule atakakotokea karani. Na nyuma ya mgongo wake, kwenye kioo, maji yalianza kupanda.

*Hayo maji yanatoka wapi?* mpelelezi aliandika.

*Mashine iliyomaliza kufua isipofunguliwa mapema hujaza tena maji ya moto, ili mashuka yasikunjamane.*

Mpelelezi alikasirika mpaka akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Shangazi alitazama. Karani alimwamini, kwa sababu alikuwa hajawahi kumdanganya. Kati ya jicho la mmoja na kidole cha mwingine, maji yakapata nafasi. Mama Mkwe hakudanganya hata kidogo. Aliulizwa nani alifungua, akasema nani alifungua.

*Ripoti yako ina kasoro?* aliuliza.

*Ndiyo. Nilieleza aliyefungua bila kuchunguza kwa nini aliitwa kufungua, na nilichukulia utani kuwa kitisho. Nashauri isitumike kumwadhibu mtu. Naweza kuandaa marekebisho.*

Mpelelezi aliwahi kufanya kazi na wakubwa wenye nyota mabegani ambao hawakuwahi kuitamka sentensi kama hiyo. *Andaa,* akaandika.

*

Shangazi alikuwa amelazwa karibu na dirisha, shuka limeinuliwa kwa fremu ya chuma lisimguse. Macho yake yalikuwa bado na uchangamfu.

"Wewe ndiye polisi?"

"Nilikuwa, Shangazi. Nimeacha."

"Afadhali. Ungenikamata leo ungenibeba mgongoni."

Mpelelezi alikaa kwenye ukingo wa kiti. "Nimeona video yote. Nimeona ulivyotazama kioo."

Uchangamfu uliondoka usoni mwa yule mama, na machozi yakaanza kumtiririka kwenda masikioni, maana hakuweza kujigeuza.

"Amekwambia?"

"Hajasema neno. Anataka kufungwa."

"Mpumbavu yule," Shangazi alisema kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. "Siku ya kuviandikisha vidole walitupa mapumziko kwanza, tusiguse maji, wakatupaka mafuta. Vikakubali. Tulivyorudi kwenye magadi, vikaanza kukataa. Tukawa tunamwita yeye. Halafu ikaja kanuni mpya: ukifungua mashine kwa kidole cha mwenzako, ukiumia huna fidia." Alitazama ile fremu ya chuma. "Daktari anasema mguu huu utahitaji kubandikwa ngozi. Mimi nitalipa na nini? Mtoto yule akaja hapa, akanishika kichwa, akasema, 'Shangazi, nyamaza. Nitasema nilikuja mwenyewe kwa kiherehere changu.' Nikamkatalia. Akalia. Nikanyamaza, mwanangu. Na tangu siku hiyo najiona mchawi."

"Si mchawi wewe."

"Basi mtoe. Ana watoto wadogo. Mwambie mkurugenzi nilimwita mimi, mguu wangu niachieni mwenyewe nihangaike nao."

"Sikuja kumtoa mmoja nimtumbukize mwingine," mpelelezi alisema. Lakini alipokuwa akishuka ngazi za hospitali, hakuwa na hakika. Ukweli ungemponya karani, na ukweli huo huo ungemnyima Shangazi matibabu. Kanuni ilikuwa imeandikwa, na sahihi zao zilikuwa chini yake.

*

"Mheshimiwa, naomba kikao kishuke chini," mpelelezi alisema mara tu mkurugenzi alipoketi.

Mkurugenzi alikuwa mzee mpole, miwani ameipandisha kwenye kipara. "Chini wapi?"

"Kwenye mashine. Ushahidi wangu hauwezi kupanda ngazi."

Wakashuka wote: mkurugenzi, meneja wa nidhamu, na Bwana Shuka nyuma yao, anatembea kama anayefuata jeneza. Alipoona wanaelekea kwenye mashine kubwa alimshika mpelelezi mkono.

"Mama, nakuomba. Usifanye hivi."

"Niamini," alimjibu.

Akamwomba Mama Chekacheka aweke kidole kwenye kisomaji. Yule mama alisita, akapiga moyo konde, akaweka.

"Jaribu tena," sauti ya kike ya kisomaji ilisema kwa adabu.

Akajaribu tena. "Jaribu tena." Dobi wa pili akasogea. "Jaribu tena." Wa tatu alifuta kidole kwenye nywele zake kwanza. "Jaribu tena." Walipita mmoja mmoja, na ile sauti haikuchoka wala haikukasirika. Mkurugenzi aliteremsha miwani machoni.

"Sasa wewe, mheshimiwa."

"Karibu," kisomaji kilisema.

Hakuna aliyecheka. Mkurugenzi aliuchukua mkono wa Mama Chekacheka, akautazama kwa muda. Mpelelezi akaeleza: magadi na maji ya moto yanakula alama za vidole, karani anashika mashuka makavu, kidole chake kikabaki kizima, kwa hiyo kila mlango wa kiwanda ulimsubiri yeye. Akawaonyesha video tangu mwanzo wake, kwenye kompyuta aliyoiweka juu ya rundo la mashuka. Maji yalipoanza kupanda nyuma ya Shangazi, dobi mmoja aliguna kwa uchungu.

"Lakini kanuni ya kidole ipo," meneja alisema, sauti yake imefifia. "Na bima..."

"Kanuni asiyoweza kuitii dobi, kwenye kiwanda cha madobi, huo ni mtego," mpelelezi alisema. "Kila siku walichagua kati ya kuivunja na kuacha kazi isimame. Na kazi ingesimama, ungewaandikia barua za onyo."

Mkurugenzi aliwageukia wanawake. "Kwa nini hamkusema?"

Walitazamana. Aliyejibu ni Mama Chekacheka, na hakuwa na dalili ya kicheko.

"Tulisema, mzee. Tulisema sana. Tukaambiwa tukaoshe mikono."

Meneja akafanya jambo ambalo mpelelezi hakulitarajia kwake.

"Ni mimi niliyewaambia," alisema. "Nilidhani ni povu. Na zile nyekundu ni mimi niliyeagiza zisionekane. Zilikuwa zinachafua ripoti."

Mkurugenzi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alipozungumza alizungumza taratibu. Visomaji vizimwe leo, funguo za kawaida zirudi mikononi mwa madobi. Kanuni ya kidole ifutwe, na isihesabike kwa ajali hii. Shangazi atibiwe mpaka apone, kiwanda kilipe, na bima wakikataa yeye mwenyewe atakwenda kusimama mbele yao. Meneja atakuja kujieleza kesho.

"Na wewe, karani, huna kesi. Rudi kwenye meza yako."

Bwana Shuka hakuondoka. Mtu aliyekaa mkavu tangu asubuhi, akiitwa mzembe na mkatili, sasa alilia waziwazi, kamasi na machozi, mbele ya wakubwa zake.

"Ile ripoti," alisema. "Inasema nini kuhusu Shangazi?"

"Haisemi kitu," mpelelezi alimjibu. "Inasema aliungua tu."

"Watu wanasema alizeeka, hatazami. Nimewasikia mpaka getini. Mimi nilikuwa nakuja bila kutazama kwa sababu najua yeye ameshatazama. Siku zote anatazama." Alifuta uso kwa mkono wa shati lake lililonyooka. "Kesi yangu iandikeni mnavyotaka. Andikeni kwamba alitazama."

Mpelelezi aliivuta kompyuta. Marekebisho ya Mama Mkwe yalikuwa yamekwisha kuandaliwa, marefu, yana kila kitu kwa mpangilio. Akaenda juu kabisa, akafungua nafasi kabla ya neno la kwanza, akaandika kwa mkono wake: *Majeruhi alitazama kioo, pande zote mbili, na mashine ilikuwa tupu.*

Bwana Shuka aliisoma sentensi ile midomo ikimtembea. Akaisoma mara ya pili. Kisha akaomba achapiwe ukurasa ule, na apewe ruhusa awahi wodini akamsomee.